Nilimnywesha Paka Dawa kwa Kiganja

Hapana, haikuwa sumu. Hiyo maneno ya sumu niliitunga mimi, na leo nimekuja kuirudisha mbele yenu nyote. Dawa ilikuwa ya daktari, safi kabisa, na chupa yake bado iko kwa dirisha yangu. Kitu iliua huyo paka ni hii mikono yangu miwili.

Mimi ni mama mzee, natoka upande wa Manga kule juu, mahali pa chai na ndizi. Kalamu sijui kushika. Mwenzangu wa kanisa ananiandikia, na nimemkataza asiniwekee sukari.

Watu hapa wananijua kwa kuiga. Nikiiga pasta akitoa matangazo ya Sabato, wamama wanashika mbavu. Naiga karani wa majani: "Mama, chai yako imelowa maji, rudi nayo nyumbani ukaanike." Shule sikuiona, lakini sauti ya mtu nikiisikia mara moja tu, imebaki.

Nimezaa tisa, wanane wako. Mmoja, Kemunto, alienda na miezi mitano. Kifua kilimshika asubuhi moja nikimlisha uji, na jioni hakuwa. Hao wengine wakakua, wakaenda Nairobi, wakaenda Nakuru, wakaoa huko, wakaolewa huko. Wajukuu wangu nawajulia kwa simu. "Haloo shosho." Halafu wanamrudishia mama yao simu mbio kama inachoma. Hakuna mmoja nimewahi kumbeba mgongoni.

Kwa hivyo Osoro, kitinda mimba wangu, alipoleta bibi hapa nyumbani, huyo msichana nilimshika kama yai. Anaitwa Akinyi, ametoka huko ziwani. Kikwetu hajui, Kiluo sijui, tukawa tunaongea hii Kiswahili yangu ya kuokota sokoni. Yeye anauza misumari na mabati kwa duka moja Nyamira mjini.

Mimba yake ilipofika miezi sita akakaa hapa jikoni kwangu, akaniambia, "Mama, nikimaliza likizo ya kuzaa nitarudi kazi. Huyu mtoto mchana yote atakuwa wako."

Nikamwambia, "Atalia jina langu, wewe atakusahau." Tukacheka. Akitoka, nikalia. Kesho yake nilitoa ile shali nilibebea Osoro, nikaifua, nikaianika. Wimbi ya uji nikaisaga na mtoto bado yuko tumboni.

Basi hiyo ndiyo kitu nilikuwa nayo mkononi. Muikumbuke.

Sasa paka. Akinyi alikuja na paka yake kwa kikapu, kubwa, ya kijivu, kifua nyeupe. Tulimwita Chifu, kwa sababu anakaa katikati ya mlango na hapishi mtu. Kwetu paka ni ya panya. Akishika panya amekula, asiposhika amelala njaa. Huyu alikuwa na kitabu cha kliniki. Nilikuwa namwamkia asubuhi na sauti ya Akinyi: "Chifu, umelala aje? Chifu, chai unataka na maziwa ama kavu?" Akinyi anacheka huko ndani, "Mama, wacha kunisumbulia mtoto."

Siku moja Chifu akapigana na paka ya msituni, akaumwa shingo. Ikafura, ikajaa usaha. Akinyi akamtia kikapuni, tukapanda pikipiki mpaka Kisii, mimi nikishika kifuniko.

Daktari wa mifugo alikuwa kijana mwembamba, anaongea pole pole kama anaambia paka siri. Akamtoa usaha, akatupatia dawa nyeupe kwa chupa, na bomba ndogo ya sindano bila sindano yenyewe. Asubuhi na jioni, siku saba. Akatuonyesha. "Mshike taratibu. Weka hii pembeni ya shavu, nyuma ya lile jino refu. Sukuma kidogo, ngoja ameze. Kichwa kibaki hivi, usikiinue juu. Akikataa, mwache, jaribu baadaye. Paka si ng'ombe, mama."

Yaani hayo maneno niliyaiga kutoka Kisii mpaka nyumbani. "Paka si ng'ombe, mamaaa." Mwenye pikipiki alicheka karibu atuangushe. Akinyi alishika tumbo akaniambia, "Mama, utanizalisha kwa barabara."

Kwa hivyo msiseme sikuambiwa. Niliyajua maneno ya daktari kuliko Akinyi. Lakini nilikuwa nayo kama kichekesho.

Siku tatu Akinyi alimpa dawa mwenyewe. Anakaa chini na tumbo yake kubwa, anamshika, anaongea na yeye, tone, tone, tone. Inachukua robo saa. Mimi nasimama mlangoni naona upuuzi.

Siku ya nne alikuwa anaenda kliniki ya wajawazito, halafu kazini. Akaniachia dawa imepimwa ndani ya bomba, juu ya kikombe.

"Mama, akikataa, mwache tu. Nitampa jioni nikirudi."

"Sawa."

"Mama, umesikia?"

"Paka si ng'ombe, mamaaa," nikamjibu. Akaenda akicheka. Hiyo ndiyo cheko ya mwisho nilisikia kwake.

Ilikuwa siku yangu ya kuchuma chai, na karani anafunga mzani saa sita. Kikapu iko mgongoni tayari. Lakini nisidanganye, si haraka peke yake. Nilitaka Akinyi arudi apate Chifu amekunywa dawa yote na mimi nimekaa namenya ndizi. Nilijiambia, mtu akishindwa na paka, mtoto atapewa aje?

Nikamshika. Nikaweka bomba kwa mdomo, nikasukuma yote mara moja. Akanitemea usoni. Nyeupe, chungu, mpaka kwa jicho.

Nikamfuata chini ya kitanda nikamshika mguu nikamvuta. Akanipasua mkono kutoka hapa kwa kiwiko mpaka hapa kwa kidole, mistari minne. Nikachukua gunia ya mbolea, nikamfunga ndani, kichwa peke yake nje. Nikamkalia. Ndiyo, nilimweka chini ya magoti yangu kama mtu anafunga mzigo. Akageuza kichwa, akanishika kidole gumba, akauma mpaka nikasikia jino limegonga mfupa.

Nikachukua mwiko. Nikampiga kichwani. Mara ya kwanza ilikuwa aachilie kidole. Aliachilia. Mara ya pili na ya tatu hakuwa amenishika.

Muone hapo nilikuwa nimefika. Sikuwa natibu mtu tena. Nilikuwa napigana, na nilitaka kushinda.

Dawa ya bomba ilikuwa imeisha kwa uso wangu. Nikashika chupa.

Wamama wa rika langu mnajua kiganja. Zamani mtoto akikataa uji wa wimbi, unamlaza kwa paja, unaweka mkono hapa chini ya mdomo kama kikombe, unamwaga uji, halafu vidole inabana pua. Akitaka hewa lazima avute uji. Atalia, atakohoa, lakini utaona tumbo imejaa, unamfunga mgongoni unaenda shamba. Mama yangu alinilisha hivyo. Mimi nikalisha wangu.

Basi nikafanya kiganja. Nikamwinua Chifu kichwa juu, mdomo ikaangalia mapaa. Nikamwaga dawa kutoka chupa, si ya kipimo, nilimwaga tu. Nikabana pua.

Akavuta. Nikasikia imeingia. Nikasema, "Umeona sasa? Nani ni chifu hapa?"

Nikamwachilia nikingoja akimbie. Hakukimbia. Alitoka kwa gunia akirudi nyuma nyuma, shingo mrefu mbele, kama anatafuta kitu ametupa. Akakohoa povu nyeupe. Ikatoka kwa mdomo, ikatoka kwa pua. Ulimi ikawa rangi ya zambarau. Akajigonga kwa mguu wa meza, akaanguka, akaamka, akaja kwangu. Kwangu, mimi niliyemfanya hivyo. Akaweka kichwa juu ya mguu wangu, akapiga mateke ardhini, akanyoosha, akanyamaza.

Nilikaa hapo. Chai sikuchuma.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimeua paka. Lakini niliendelea.

Nilimzika nyuma ya ndizi, nikaosha sakafu, nikafunga mkono na kitambaa. Nikafikiria shali. Nikafikiria wimbi kwa mkebe. Nikaona kama nikisema ukweli, hiyo yote imeenda. Ndipo nikamkumbuka Mzee Ombati.

Ombati ni jirani, shamba yake inaguza yangu. Chifu alikuwa amemlia vifaranga wawili, na Jumatatu iliyofuata alisimama kwa njia akasema, na hiyo sauti yake ya puani, "Hiyo paka yenu ya ziwani iko siku nitaipatia kitu." Watu walisikia.

Osoro alifika kwanza. Nikamwambia, "Ombati ameweka sumu. Chifu amekufa." Na sikusema tu. Niliiga. Nilimuigia vile Chifu alitoka kwa boma ya Ombati akiyumba, vile alianguka, povu, miguu. Povu na miguu nilikuwa nimeona na macho yangu, kwa hivyo iliingia kama kweli. Hata hii mikwaruzo nilisema alinishika akiwa kwa uchungu. Osoro alilia mbele yangu, mtu mzima na ndevu. Akinyi akafika, akasikia, akakaa chini kwa nyasi akashika tumbo.

Hiyo kukaa chini ya Akinyi ndiyo Osoro hakuweza kuvumilia. Akang'oa mpini wa jembe, akaenda.

Jua lilikuwa bado halijaingia. Tulimkimbilia, mimi na Akinyi na hiyo mimba yake. Tulimkuta Ombati uani kwake anarushia kuku mahindi. Osoro hata hakumpa nafasi. Mpini ya kwanza ilimpata begani, bakuli ikaruka, kuku zikatawanyika. Ombati akaanguka na magoti. Ya pili ilimpata kichwani, damu ikashuka ikaziba jicho moja.

"Osoro," akasema. "Mtoto wa jirani. Sijaweka sumu. Niapishe na Biblia."

"Ulisema utampatia kitu. Ulisema ama hukusema?"

"Nilisema. Mdomo tu. Sijaweka."

Osoro akainua tena. Mzee akaweka mkono juu akinge, na mpini ikashuka hapo kwa mkono. Nilisikia vile ilivunjika. Huo mkono ukaning'inia kama wa mtu mwingine. Na mtoto wangu, huyo nilimbeba kwa hiyo shali, akainua mara ya nne, na macho yake yalikuwa ya kichaa. Alikuwa anaenda kumaliza huyo mtu.

Nikasema, "Ni mimi."

Hakusikia. Nikamshika kiuno. Akanirusha, nikaanguka juu ya mahindi ya kuku. Nikapiga nduru, "Osoro, ni mimi nimeua paka. Hakuna sumu. Ni mimi."

Mpini ikabaki juu.

Akinyi akasema, "Rudia hiyo maneno."

Sasa mimi kueleza bila mikono sijui. Nilitoa leso kichwani, nikaikunja, nikaifanya paka. Nikaikalia. Nikawaonyesha gunia, magoti, mwiko. Nikawaonyesha kiganja, vile kichwa ilienda juu, vile pua ilibanwa. Nikatoa hata ile sauti ya Chifu akivuta. Na niliifanya vizuri. Hiyo ndiyo shida yangu, mimi hufanya vizuri.

Ombati yuko hapo chini anavuja damu ananiangalia na jicho moja. Osoro aliangusha mpini.

Huko mbele nitarudi kwa yale Akinyi alisema. Wacha kwanza niwaambie vile niko leo.

Ombati alipelekwa hospitali Nyamira na pikipiki, Osoro mwenyewe akimshika nyuma asianguke. Mkono ulipigwa plasta, lakini haukunyooka, hawezi kushika jembe sawasawa. Osoro alikaa selo ya polisi siku mbili. Wazee wa kanisa waliingilia, Ombati akamsamehe Osoro. Akawaambia, "Kijana alidanganywa." Mimi hajanisamehe. Sabato tukikutana mlangoni anageuza uso anaangalia ukuta mpaka nipite. Ana haki.

Akinyi na Osoro walihama, wakapanga nyumba Nyamira mjini. Mtoto alizaliwa, msichana. Sasa ako na miezi mitano. Wameandika msichana wa kazi, mtoto wa watu, amefika juzi tu, ndiye anamshika mchana yote. Mimi namuona mtoto kanisani, Sabato wakija huku, siti mbili mbele yangu, akiangalia nyuma juu ya bega la huyo msichana. Ako na masikio ya Osoro. Namfanyia uso wa mbuzi, anacheka. Akinyi akigeuka, naacha.

Kuiga niliacha. Wamama wananiambia, "Magokoro," yaani nyanya kwa kikwetu, "tutolee pasta kidogo." Naambia wao koo inauma.

Nilirudi kwa yule daktari peke yangu. Nikamuuliza paka alikufa na nini. Akaniambia pole pole, vile vile anaongea, kwamba dawa haikwenda tumboni, iliingia kwa mapafu, mnyama akazama kwa nchi kavu. Nikamuuliza, "Na ikiwa ni uji?" Akauliza, "Uji wa paka?" Nikamwambia, "Hapana. Uji tu." Aliniangalia sana. Akavuta kiti akaniambia nikae.

Ninyi mnasoma hii, mnyama wenu akipewa dawa, mfanye vile mmeonyeshwa, hata kama huyo mtu anaongea kama anabembeleza. Kidogo kidogo, pembeni ya shavu. Akikataa, weka chupa chini, toka nje, pepeta mahindi, rudi. Ukiona mikono yako imeanza kutaka kushinda, iondoe kwa huyo kiumbe. Na usimzibe mtu pua. Paka, ndama, mtoto, usimzibe pua. Mama mzee wa kiganja akikuambia watoto wake wote walikua hivyo, mwambie awahesabu vizuri.

Na ukiwa umekosa, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu hajaenda kutafuta mpini.

Sasa ile maneno ya mwisho. Tulikuwa bado uani kwa Ombati, mimi nimepiga magoti, leso chini yangu, kiganja bado iko hivi, vidole bado imebana. Akinyi alikuja akasimama mbele yangu. Hakuwa analia. Aliangalia huo mkono muda mrefu.

"Hiyo ulifundishwa wapi, Mama?"

Nikafikiri ananihurumia. Nikamwambia, "Ni kitu ya kawaida. Hivyo ndivyo tunalisha watoto. Huyu Osoro alikula hivyo. Wote walikula hivyo."

"Wote?"

"Wote."

"Ulizaa wangapi?"

"Tisa."

"Na wako wangapi?"

Nikafungua mdomo nijibu, na hapo ndipo nilimwona Kemunto, kwa paja langu, asubuhi, uji ikitoka kwa pua yake. Miaka hiyo yote nilisema ni kifua.

"Wanane," nikamwambia.

Akinyi akaweka mikono yote miwili juu ya tumbo yake, akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu hutamshika."